Shule ya kanisa au shule ya kata: jibu la mwalimu aliyefundisha pande zote mbili

Mleta mada ameuliza jambo linalowasumbua wazazi wengi kila mwisho wa mwaka: binti yake amemaliza darasa la saba na amepangiwa shule ya kata, yaani sekondari ya kutwa ya serikali, naye anafikiria kukopa ili ampeleke shule ya bweni inayomilikiwa na kanisa. Waliotangulia kumjibu wamegawanyika kati ya wanaosema kuwa serikali imeshindwa kuelimisha na wanaosema kuwa shule za makanisa ni biashara tu. Nimefundisha hisabati miaka tisa katika shule ya kata na miaka sita katika shule ya kanisa, na hakuna kati ya kauli hizo mbili inayolingana na niliyoyaona.

Nianze na matokeo, kwa kuwa ndiyo yanayomsukuma mzazi kukopa. Hadi Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule bora, mwanzoni mwa 2023, shule za makanisa hazikukosekana katika orodha ya kumi bora ya kidato cha nne. Orodha hiyo haikueleza waliofanya mtihani walipatikanaje. Katika shule ya kanisa niliyofundisha, mamia ya watoto walifanya mtihani wa mchujo nasi tukachukua 80, wengi wao wakiwa wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Katika shule ya kata nilipokea kila aliyepangiwa, wakiwamo waliosoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa walitakiwa kuelewa jometri kwa lugha ambayo hawakuweza kuombea hata ruhusa ya kutoka darasani. Mkondo mmoja ulikuwa na wanafunzi 78, na mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima.

Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Katika shule hiyo ya kanisa, aliyeshindwa kufikia wastani wa 45 alitakiwa kutafuta shule nyingine kabla ya kuingia kidato cha tatu. Mwaka mmoja majina yaliposomwa katika kikao cha walimu, mmojawapo alikuwa msichana niliyemfundisha, ambaye alikuwa amepanda kutoka 29 hadi 41 katika mwaka mmoja. Nilinyoosha mkono nikaeleza, nikajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Baba yake, aliyekuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada, alikuja kumchukua siku ya Jumamosi. Ufaulu wa shule mwaka huo uliandikwa asilimia mia moja.

Hata hivyo, nitakuwa mwongo nikisema kwamba kila kitu ni mchujo. Kuna kitu shule ile ilikuwa nacho ambacho shule ya kata haikuwa nacho, nacho hakikuwa vipindi vya dini. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa sista, aliishi ndani ya uzio. Mwalimu akikosa kipindi, alijua kabla kengele haijagongwa tena. Watoto walikula mchana, walikuwa na prepo usiku chini ya taa, na msichana aliyeugua alikuwa na mlezi wa kumwita kwa jina. Katika shule ya kata, msichana wa umri uleule alitembea saa moja na nusu kuja shuleni, akashinda na njaa, akarudi jioni kuchota maji. Tukilinganisha madaftari ya watoto hao wawili na kusahau siku zao zilivyopita, tunamwonea mmoja wao.

Wanaodhani kwamba umiliki wa kanisa wenyewe ndio dawa waitazame Ilboru, sekondari iliyoko Arusha. Ilianzishwa na Walutheri, ikawa ya serikali, na leo ni moja ya shule za vipaji maalumu, kama Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Inachagua wanafunzi wake, ina bweni, na inafaulisha. Wala siungi mkono wanaolalamikia hadi leo hatua ya kutaifisha shule kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Kabla yake, nafasi ya mtoto kusoma ilitegemea mno kama wamisionari walifika kwao na kama wazazi wake walikuwa Wakristo, na watoto wengi wa Kiislamu waliachwa nyuma bila kosa lolote.

Sasa nimjibu mleta mada moja kwa moja. Kabla ya kukopa, nenda katika shule hiyo ukaulize wanafunzi wangapi walianza kidato cha kwanza na wangapi kati yao walifanya mtihani wa kidato cha nne palepale. Wasipotaka kukuambia, rudi nyumbani na fedha zako. Kisha nenda shule ya kata saa nane mchana, bila kutoa taarifa, uone kama walimu wapo darasani na kama watoto wamekula. Tangu 2016 hutadaiwa ada huko, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya mkopo unaoufikiria ingetosha kumpangia binti yako chumba salama karibu na shule pamoja na mtu mzima wa kumwangalia, au kumlipia hosteli kama ipo. Ukikuta walimu hawapo na umbali hauvumiliki, mpeleke shule ya kanisa, ila usikope ada ya mwaka mmoja ukitumaini kwamba mitatu inayofuata itajilipa.