Asha Yuko Nyuma ya Zuhura: Maswali ya Kupanga Orodha kwenye Hibernate

Natumia Hibernate, maktaba ya Java inayounganisha programu na hifadhidata. Nina entiti (kitu cha Java kinachohifadhiwa kwenye jedwali) iitwayo Darasa yenye List<Mwanafunzi>, na juu yake @OrderBy("jina"). Nikimwongeza Asha, anakaa nyuma ya Zuhura. Kwa nini?

Ndugu msomaji, @OrderBy hufanya kazi pale tu orodha inaposomwa kutoka kwenye hifadhidata. Hibernate huweka ORDER BY kwenye SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata), inakuletea wanafunzi wakiwa wamepangwa, basi, kazi yake imeisha. Ulichobaki nacho mkononi ni orodha isiyojipanga yenyewe, na add() huweka kitu mwishoni.

Kusoma upya ndani ya muamala uleule (kipindi kimoja cha kazi na hifadhidata) hakusaidii. Niliwahi kukesha nikitafuta kosa kwenye SQL, na SQL ilikuwa sahihi kabisa. Hibernate ilikuwa inanirudishia Darasa lilelile lililokwisha kusomwa, pamoja na orodha yake. Muamala mpya ulipofunguliwa, kila jina likakaa mahali pake.

Ukihitaji mpangilio papo hapo, tengeneza nakala kwa new ArrayList<>(wanafunzi), kisha panga hiyo nakala. Orodha yenyewe iache, maana Hibernate inaifuatilia, na kwenye uhusiano wa wengi kwa wengi kuivuruga kunaweza kuleta DELETE na INSERT (amri za kufuta na kuingiza mistari) ambazo hukuziomba.

Nimeandika @OrderBy("jina_la_ukoo"), programu inagoma kuwaka.

Andika jina la sehemu ya Java, yaani jinaLaUkoo, wala si jina la safu ya jedwali. Ukiiacha tupu, JPA (kanuni za Java ambazo Hibernate huzifuata) hupanga kwa ufunguo mkuu.

Nilihamia SortedSet (seti inayojipanga yenyewe) na @SortComparator (inayotaja komparata, yaani kanuni ya kulinganisha vitu viwili). Sasa nina Juma wawili kwenye jedwali, ila ukurasa unaonyesha mmoja!

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu halitoi kosa lolote. Ndani yake kuna TreeSet, nayo haiulizi equals(), njia ya kawaida ya Java ya kujua kama vitu viwili ni sawa. Inauliza komparata yako tu. Komparata ikirudisha 0, wawili hao huhesabiwa mmoja, na Juma wa pili hatoki kwenye ripoti ya mzazi wake. Ongeza kitu kisichofanana kamwe:

comparing(Mwanafunzi::getJina).thenComparing(Mwanafunzi::getNambaYaUsajili)

Usitumie id inayotolewa na hifadhidata. Mwanafunzi ambaye hajahifadhiwa bado ana null (thamani tupu), na komparata itaanguka hapo. Tena, usibadilishe jina la mwanafunzi akiwa tayari ndani ya seti, maana TreeSet haitamhamisha.

Mwalimu anataka kupanga mada kwa mkono, apandishe na kushusha. @OrderColumn inafaa?

Inafaa, na ndiyo kazi yake tangu JPA 2.0 ya mwaka 2009: nafasi ya kila mada huhifadhiwa kwenye safu yake, kuanzia 0. Gharama yake uijue. Ukiondoa mada ya kwanza kati ya 200, zile 199 zote hubadilishiwa namba. Na mtu akifuta mstari moja kwa moja kwa SQL, pengo lile litakurudia kama null katikati ya orodha.

Wasio na alama wanatokea juu kwenye kompyuta yangu, ila kwenye seva wako chini.

Huenda kwako ni MySQL na kule ni PostgreSQL. Kwa mpangilio wa kupanda, MySQL hutanguliza NULL, PostgreSQL huiweka mwisho. Weka hifadhidata ileile pande zote mbili kabla hujagusa msimbo.