Toyota Hilux ya dizeli: injini ya lita 2.4 au 2.8?
Kama ni gia za mkono, chukua 2.4 ya gia sita. Inavuta kwa Nm 400 (Nm ni kipimo cha nguvu ya injini kuvuta), na 2.8 ya gia za mkono ni Nm 420, kwa hiyo hela unayoongeza haikuletei kitu cha maana. Otomatiki ni habari nyingine: 2.8 ya kuanzia mwishoni mwa 2020 ina Nm 500, hapo tofauti unaisikia kweli. Nimepanda mlima Kitonga na 2.4, nyuma magunia nane ya viazi, gia ya tatu, mshale wa joto haukusogea. Angalia tu isiwe ya gia tano, hiyo ni Nm 343. Unavuta trela kila wiki? Jikaze, nunua 2.8 otomatiki.