Kiti mwendo cha kukunja: yanayompasa kuyajua anayeanza

Anayeanza kusukuma kiti mwendo huogopa mteremko na barabara mbovu. Hofu hiyo ina msingi, lakini watu wengi huanguka kiti kikiwa kimesimama: wakati wa kukaa, kunyanyuka, au kuinama kuokota kitu sakafuni. Kiti cha kukunja ni chepesi na viungo vyake vingi vinacheza, kwa hiyo uzito ukienda mahali pasipofaa hubinuka kabla hujawahi kunyoosha mkono. Ndiyo maana tunaanza na kiti kilichotulia.

Chini ya kitambaa cha kukalia kuna mabomba mawili, moja kila upande, ambayo kiti kikikunjuliwa hushuka na kuketi juu ya fremu. Hapo ndipo vidole husagwa. Inamisha kiti kidogo upande mmoja ili gurudumu la upande wa pili linyanyuke, weka viganja wazi juu ya mabomba, vidole vikielekea katikati ya kiti, kisha kandamiza. Usilizungushie bomba vidole hata kwa bahati mbaya. Halafu hakikisha kwa macho kwamba mabomba yote mawili yameketi sawasawa, mbele na nyuma. Bomba lililoketi nusu hushuka ghafla mtu akishakaa. Kukunja ni kinyume chake: toa mto, inua vikanyagio, yaani vibao vya kuwekea miguu, shika kitambaa katikati, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, uvute juu. Kikigoma, usikilazimishe kwa goti. Mara nyingi ni mchanga kwenye viungo, au ile bolti ya katikati ya mkasi, yaani vyuma viwili vilivyopishana chini ya kiti, imekazwa kupita kiasi.

Breki za kiti hiki ni za kuegesha tu. Ukizivuta kiti kikiwa kwenye mwendo, gurudumu hukwama papo hapo na aliyekaa hurushwa mbele. Kupunguza mwendo ni kazi ya viganja vyake kwenye ringi za kusukumia, au ya mikono yako kwenye mishikio. Jambo jingine ambalo wageni hawalitambui ni kwamba breki hizi hukandamiza tairi lenyewe, si rimu. Tairi likipungua upepo, breki inafungika vizuri kabisa na haishiki kitu. Jaza upepo kwanza, ndipo urekebishe breki; ukigeuza mpangilio huo, utakapojaza upepo breki haitafungika. Ikifungwa, kibano kizame kwenye tairi kama milimita 3 hadi 5. Jaribu kwa kufunga breki zote mbili na kusukuma kiti kitupu kwa nguvu: kiburuzike, magurudumu yasizunguke. Kisha jaribu kila upande peke yake, maana breki moja nzima huficha ubovu wa mwenzake, na kiti kinachoshikwa upande mmoja huzunguka mtu anapojiinua.

Hata breki zikiwa zimefungwa, magurudumu madogo ya mbele hayajafungwa. Ukisogeza kiti mbele, yanageuka na kubaki nyuma ya mihimili yake, yaani vyuma vya wima yanamozungukia, na msingi wa kiti unakuwa mfupi. Kwa hiyo kabla ya kumhamisha mtu, malizia kwa kurudisha kiti nyuma kidogo, mpaka magurudumu hayo yageuke na kutangulia mbele. Hapo kiti kinakuwa na mguu mrefu wa kuzuia kubinuka. Fanya hivyohivyo aliyekaa anapotaka kuinama kuokota kitu. Halafu funga breki, inua vikanyagio au uvitoe kabisa, ondoa egemeo la mkono la upande wa kitanda kama linatoka, na weka kiti ubavuni mwa kitanda kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Mtu asisimame juu ya kikanyagio kamwe. Uzito wake wote ukiwa mbele ya magurudumu madogo, kiti humwinamia mgongoni.

Kuhusu ukubwa, kiti kikubwa hakina starehe ya ziada. Kipana mno humfanya mtu aegemee upande mmoja na kuzifikia ringi kwa shida. Kirefu mno kutoka mbele hadi nyuma humvuta ateleze mbele. Nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, na kikanyagio kiwe juu ya ardhi kwa sentimita 5 hivi kisije kikagonga. Mkanda, kama upo, upite chini ya mifupa ya nyonga, usipite tumboni.

Mto wa kukalia hauhesabiwi kuwa pambo, hasa kwa asiyehisi vizuri kuanzia kiunoni kwenda chini. Kitambaa cha kiti hubonyea katikati, uzito ukakusanyika kwenye mifupa miwili ya makalio, damu ikazuiwa na ngozi ikaanza kufa bila maumivu ya kumwonya. Aegemee mbele, kisha kila upande, kila baada ya dakika 15 hadi 30, na akae hivyo dakika moja au mbili. Kujiinua kwa sekunde chache hakutoshi. Ngozi ikaguliwe kila siku. Kwenye ngozi nyeupe alama huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi tafuta sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au iliyokakamaa. Isipopotea baada ya kuondoa uzito, asiikalie tena mpaka mhudumu wa afya aione.

Barabarani, ukingo hupandwa uso mbele. Kanyaga kile chuma kilichochomoza nyuma karibu na gurudumu, vuta mishikio, magurudumu madogo yapande kwanza, kisha sogea mpaka makubwa yaguse ukingo ndipo usukume. Kushuka, rudi kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Mteremko mkali nao ushuke kinyumenyume ukiwa wewe upande wa chini. Kipimo kinachokubalika cha njia ya kupandia ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji njia ya mita 3.6. Kwenye ngazi wawe watu wawili au zaidi. Wa nyuma ashike mishikio, wa mbele ashike fremu yenyewe. Egemeo la mkono na kikanyagio vimetengenezwa vichomoke, na ndivyo vitakavyofanya katikati ya ngazi. Jaribu pia mipira ya mishikio kabla ya kunyanyua: ukiisokota ikazunguka, itachomoka, hasa ikilowa. Na mikoba mizito isitundikwe hapo, kwa sababu kiti kitupu kitaanguka chali, na chenye mtu mwepesi pia kinaweza.

Matunzo hayadai karakana. Kila wiki futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, na pima upepo: ukibonyeza tairi kwa nguvu kwa kidole gumba lisibonyee zaidi ya milimita 5. Kipimo kamili kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tumia pampu ya mkono. Pampu ya magari inaweza kupasua tyubu ndogo ndani ya sekunde chache. Kila mwezi pitia nati na bolti zote, ila usikaze kila kitu kwa nguvu sawa. Bolti ya mkasi ikazwe mpaka isicheze, lakini kiti kikunjike bila kulazimishwa. Tia tone la mafuta kwenye viungo vya kukunjia, ufute yaliyozidi. Breki na tairi zisiguswe na mafuta. Magurudumu madogo hukusanya nywele na nyuzi kwenye ekseli. Zitoe kwa kibanio, kwani zikiachwa hukwamisha gurudumu na kuharibu beringi. Kama gurudumu kubwa ni la kuchomoa, ukilirudisha livute kwa nguvu kuelekea nje bila kugusa kitufe. Likitoka, halikuwa limejifunga.

Kiti kikivutia upande mmoja, usikimbilie kudhani fremu imepinda. Linganisha upepo wa tairi mbili, halafu angalia nywele kwenye gurudumu dogo, halafu ulegevu wa uma wake, yaani chuma kinacholishika pande mbili. Gurudumu dogo linalotetemeka ukienda haraka kwa kawaida lina nati iliyolegea au beringi iliyochakaa. Ndipo ukiweke kwenye sakafu iliyonyooka na kujaribu kupitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita chini ya moja, na sakafu una hakika nayo, huenda fremu au uma umepinda.

Spoki ikikatika badilisha mapema, maana jirani zake hubeba mzigo wake na hukatika zikifuatana. Kitambaa kilichoanza kuchanika kwenye skrubu hakishonwi, hubadilishwa. Lakini ukiona ufa kwenye weldi au kwenye chuma cha mkasi, hata mwembamba kama unywele, mtoe mtu kitini saa hiyohiyo na ukiweke kando mpaka fundi achomelee au abadilishe chuma chenyewe.