Simama Kando ya Bango Lako: Majibu kwa Wanaojiandaa na Maonesho ya Tafiti za Wanafunzi

Kila mwaka vyuo vya Dar es Salaam vinapokaribia kufunga masomo, wanafunzi wa shahada ya kwanza huzitoa kazi zao nje ya ofisi za wasimamizi: mabango ukumbini, vifaa juu ya meza, na wenyewe wamesimama kando wakisubiri kuulizwa. Nimesimamia kazi hizi kwa miaka mingi na mara kadhaa nimekuwa jaji. Maswali mliyonitumia ni yale yale ninayoyasikia koridoni. Nimeyafupisha, na ninayajibu moja baada ya jingine.

Shikamoo Mwalimu. Msimamizi wangu anataka kila kilichomo kwenye ripoti kiwepo kwenye bango. Nimebana maandishi mpaka mwenyewe yananishinda kusoma. Nifanyeje?
*Mwaka wa tatu, Changanyikeni*

Marahaba. Bango la A0 lina milimita 841 kwa 1,189. Kwenye kompyuta linaonekana kama uwanja, lakini ukumbini mtu anasimama hatua mbili tatu kutoka pale lilipo, ana mkoba begani, na nyuma yake yupo mwingine anayetaka kupita. Huyo anatakiwa aone bila kuinama ulikuwa unauliza nini, ulipima nini na kwa nani, na umeona nini. Mapitio ya maandiko yabaki kwenye ripoti, na ripoti yenyewe iweke mezani. Mwambie hivyo msimamizi wako kwa adabu kabla hujachapisha; wengi wetu tunakubali tukijua ripoti itakuwepo.

Halafu, kabla hujalipia uchapaji, toa bango zima kwenye karatasi moja ya A4 pale steshenari. Ukishindwa kuisoma ikiwa mkononi mwako, na lile kubwa halitasomeka kwa mbali. Na majedwali uliyoyanyofoa kama yalivyo kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, yaondoe. Grafu moja safi inatosha.

Nilitarajia mama lishe waliohudhuria mafunzo ya usafi watakuwa wanaosha vyombo vizuri kuliko ambao hawakuhudhuria. Sikuona tofauti. Wenzangu wananishauri nirekebishe namba kidogo ili bango livutie.
*Mwaka wa mwisho, Upanga*

Usiguse hata namba moja. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Afisa afya wa manispaa akisoma bango lililopambwa, anaweza kupeleka fedha nyingine kwenye mafunzo yale yale, na mama lishe wataitwa tena kukaa kwenye viti vya plastiki siku nzima, biashara imefungwa, wakifundishwa jambo ambalo wewe ulishaona halibadilishi kitu.

Rudi kwenye kazi yako ujiulize mambo mawili. La kwanza: uliona au uliuliza? Mtu aliyeshika hojaji na kitambulisho cha chuo akimuuliza mama lishe kama anaosha sahani kwa sabuni, atajibiwa ndiyo. Atajibiwa ndiyo na aliyefundishwa, na atajibiwa ndiyo na asiyefundishwa. Hapo tofauti itaonekana wapi? La pili: walikuwa wangapi? Ukiwa na ishirini huku na ishirini kule, tofauti ndogo inaweza kuwepo na usiione. Kwa hiyo kwenye bango andika "sikuona tofauti", usiandike "hakuna tofauti". Kati ya sentensi hizo mbili ndipo jaji mzuri atakapokuuliza.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikuja ofisini na huzuni kama yako. Nikamwomba daftari lake la uwandani, nikamwambia jedwali aliache kwanza. Ukurasa wa tatu pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "Leo madumu mawili tu, maji yamekatika." Tukafunua mbele. Maneno ya namna hiyo yalirudi mara sita. Wale mama walijua kila kitu walichofundishwa, ila dumu la maji walilinunua, na walilazimika kuchagua kati ya kusuuza sahani na kupika wali. Bango lake likawa juu ya maji. Lilikuwa bora kuliko lile alilokusudia tangu mwanzo, na hakuna namba hata moja iliyobadilishwa.

Kwenye mazoezi niliulizwa kwa nini nilihoji watu 60. Nikajibu kuwa msimamizi alikubali. Aliyeuliza akatikisa kichwa. Ningejibuje?
*Mwaka wa tatu, Ubungo*

Ungesema ukweli. Najua kwenye ripoti yako kuna fomula ya Yamane ya kukadiria uhoji watu wangapi, maana karibu kila ripoti ninayoisoma inayo: unagawanya idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kosa unalolikubali kwa kipeo cha pili. Watu 1,200, kosa la asilimia 5, unapata 300. Kisha mwanafunzi anahoji 60 na fomula anaiacha pale pale kama pambo. Fomula hiyo inadhani unawachagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye kundi unalolijua. Kama ulisimama kituo cha Mwenge ukawauliza waliokubali kusimama, haikusaidii hata ungewapata 300.

Sema hivi: nilikuwa na wiki tatu na nauli ya daladala, nikawapata 60 waliokuwa kituoni asubuhi, kwa hiyo siwasemei abiria wote wa Dar. Jibu hilo halimshushi mtu. Mimi nikilisikia naongeza maksi.

Bango limeandikwa Kiingereza, ndivyo tulivyoagizwa. Mgeni akija, naweza kumweleza kwa Kiswahili? Wenzangu wanaona ni kujishusha.
*Mwaka wa pili, Mabibo*

Mweleze kwa Kiswahili, tena kwa moyo mkunjufu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ipo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyozaliwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na Idara ya Kiswahili, na kazi ya kutafuta maneno ya taaluma ilianza miaka mingi kabla ya hapo. Nadharia tete, sampuli, hojaji, ikisiri: yote tunayo. Lakini usimtupie mgeni maneno hayo nayo. Badala ya nadharia tete sema "nilidhani kwamba". Badala ya wahojiwa sema "watu niliowauliza".

Kuna jambo nimeliona tena na tena. Mwanafunzi akieleza kwa Kiingereza anaweza kujificha nyuma ya sentensi aliyoikariri. Akiambiwa aseme kwa Kiswahili, hana pa kujificha: anaelewa au haelewi, na mwenyewe analijua hilo kabla yangu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia maonesho mweleze kazi yako dereva bodaboda anayekubeba, au mama wa kantini. Pale wanapokunja uso ndipo pa kurekebisha. Jaji akija na Kiingereza, utahamia huko bila shida, kwa sababu jambo lenyewe tayari unalo.

Tulikuwa watano kwenye projekti, tuliofanya kazi ni wawili. Nani asimame?
*Uhandisi, mwaka wa nne*

Asimame anayeweza kujibu. Chini ya bango andikeni nani alifanya nini: nani alikusanya data, nani alichora, nani aliandika programu. Ikiwa kuna jina ambalo hamtapata la kuliandikia, lipelekeni kwa msimamizi wiki hii. Msingoje siku yenyewe mkaanza kunong'onezana mbele ya wageni.

Mwanangu anaomba hela ya kuchapisha bango na kununua vifaa. Hivi digrii ya kwanza kuna utafiti kweli, au ni mazoezi ya kutafuta maksi?
*Mzazi, Mbagala*

Mzazi mwenzangu, naomba nikukumbushe habari ya kijana ambaye hata chuo kikuu alikuwa hajafika.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ya kugandishia. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaogopa kuikosa, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado. Alipouliza aliambiwa amechanganya mambo. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja kutoa mhadhara Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu cha hapa Dar es Salaam, wakati huo bado chuo kishiriki. Mpemba akasimama akauliza, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akamtuma fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na dunia nzima ikaanza kuliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanafizikia wanabishana mpaka leo, wengine wakisema wakipima kwa uangalifu hawalioni kabisa. Mabishano hayo ya miaka zaidi ya hamsini yalianzishwa na kijana aliyeogopa kukosa nafasi kwenye friji.

Sikuahidi kwamba mwanao atakuwa Mpemba. Nakwambia kwamba swali halisubiri shahada ya tatu. Kuhusu hela: kama ana mkopo wa Bodi, miongoni mwa vipengele vyake kipo cha utafiti, muulize kama alipangiwa. Usikope kwa ajili ya bango. Na kabla hujatoa chochote, mwambie akueleze swali lake mkiwa sebuleni. Ukimwelewa, mpe bila kinyongo.

Nimetengeneza kifaa cha kupima maji kwenye tangi la juu na kutuma ujumbe kwenye simu. Naogopa nikikionesha wazo litaibiwa.
*Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT)*

Wazo tupu halina ulinzi wa sheria. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, hupewa uvumbuzi ambao ni mpya, na kuuonesha hadharani kabla ya kuomba kunaweza kukuharibia sifa hiyo ya upya. Kwa hiyo kama unaamini ndani yake kuna kitu ambacho hakijapata kufanyika, nenda kwanza kwa wanaoshughulikia miliki ubunifu chuoni, nao watakuelekeza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ambako hataza za Tanzania Bara husajiliwa.

Lakini pia jipime bila kujidanganya. Vifaa vya namna hiyo wamevitengeneza wengi. Cha kwako kinaweza kuwa na nguvu mahali pengine: kinastahimilije jua la juu ya paa la Dar, na umeme ukikatika kinafanyaje? Onesha hayo. Mchoro wa saketi na programu yenyewe viache nyumbani.

Mimi nauza samaki Feri. Wanafunzi walikuja na makaratasi, wakanihoji karibu saa nzima habari za barafu na samaki wanaoharibika. Sijawaona tena. Hayo maonesho, mtu kama mimi anaruhusiwa?
*Mama wa Feri*

Shikamoo Mama. Swali lako nimeliweka mwisho kwa sababu nataka wote walioandika hapo juu walisome.

Ili mwanafunzi akufikie wewe, chuo huandika barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inakwenda kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, kwa uongozi wa soko au mtaa, ndipo anakuja kusimama mbele ya meza yako na kalamu. Ngazi yote hiyo ni ya kushuka kwako kuchukua. Ya kukurudishia majibu hakuna aliyeijenga, na hilo ni kosa letu wasimamizi kabla ya kuwa la wanafunzi. Tunapokagua kibali tunakuwa wakali. Kuuliza "umerudi kwa waliokupa data?" tunasahau.

Na hasara si yako peke yako. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu aliwaalika wauza mboga watatu aliowahoji waje kwenye bango lake. Alikuwa na grafu nzuri ya saa ambazo wateja ni wengi. Mama mmoja akaiangalia, akaweka kidole kwenye namba 4, akauliza, "Hii saa nne ni yetu au ya kizungu? Maana saa kumi sisi tunakuwa tunafunga." Kumbe walipomwambia saa nne aliandika 4:00, na kompyuta ikaichukua kuwa saa kumi. Grafu nzima ilikuwa imehama kwa saa sita. Majaji walishapita. Mimi msimamizi nilikuwa nimeipitia mara mbili. Aliyeliona kosa ni mwenye soko.

Kwa hiyo njoo. Maonesho ya namna hii kwa kawaida huwa wazi kwa wageni. UDSM wana Wiki ya Utafiti na Ubunifu pale Mlimani, na vyuo vingi hupeleka kazi za wanafunzi Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai, na kwenye maonesho ya elimu ya juu Mnazi Mmoja. Kama siku ile ulisaini karatasi ya ridhaa na ukabaki na nakala, iangalie: inapaswa kuwa na jina la chuo na namba ya simu. Piga, sema unataka majibu ya utafiti uliokuhoji. Ni haki yako na huhitaji kuomba radhi.

Ukifika getini, waambie umekuja kuona utafiti wa samaki wa Feri. Ukilikuta bango lao, waulize hiyo barafu waliipima saa ngapi.