Fataki na baruti safarini: kwenye ndege hapana, kwenye gari ndiyo kwa masharti

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Dallas, Texas, na nina grinkadi. Mwezi wa saba nakwenda Camp Perry, Ohio, kwenye mashindano ya shabaha na bunduki yangu ya .308. Risasi najaza mwenyewe nyumbani. Nilipanga kupanda ndege, na kwenye begi la kukabidhi niweke kopo moja la baruti, fataki 1,000 (vile vikombe vidogo vya kitako cha risasi vinavyowasha baruti), vichwa vya risasi, maganda matupu na ile mashine ndogo ya mkono ya kujazia, nikajazie hotelini. Rafiki yangu anasema nitaishia pabaya. Naona ajabu: risasi nzima inaruhusiwa kupanda ndege, iweje vipande vyake vikatazwe? Na nikienda kwa gari je? Nikimaliza nataka kupitia kwa dada yangu Worcester, Massachusetts, nikae naye wiki moja.

JIBU

Marahaba. Msikilize rafiki yako. Ila nianze na hilo la ajabu, maana ukilielewa, mengine utayajibu mwenyewe.

Sheria za mizigo ya hatari zinauliza jambo moja: kitu hiki kikishika moto kikiwa ndani ya boksi lake, kitafanya nini? Risasi nzima ikiungua nje ya bunduki, ganda la shaba linapasuka, kichwa kinachomoka bila kasi ya maana, mambo yanaishia humo humo kwenye boksi. Kwa hiyo imepewa daraja la 1.4S, jepesi kabisa katika ukoo wa vilipuzi. Baruti kwenye kopo ni habari nyingine. Hiyo inashika yote kwa mkupuo, na kwa kawaida iko kwenye madaraja mazito zaidi, 1.3C au 1.4C. Fataki zikiwa kwenye pakiti ya kiwandani nazo ni 1.4S, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Msamaha unaomruhusu abiria kubeba umeandikwa kwa risasi nzima tu, ambazo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari ni namba UN 0012 na UN 0014. Fataki ni UN 0044. Haimo kwenye msamaha, basi haipandi.

Kwa hiyo TSA, wale wakaguzi wa viwanja vya ndege, wanakataa baruti ya aina yoyote na fataki, uziweke begi la mkononi au la kukabidhi. Kutangaza kaunta hakusaidii. Kupunguza kiasi hakusaidii. Ganda lililokwisha kupachikwa fataki mpya, hata kama halina baruti, nalo ni hapana. Ganda linaruhusiwa ikiwa fataki yake imetolewa au imekwisha kupigwa. Mashine ya mkono na mizani ni vyuma tu, weka begi la kukabidhi. Vichwa vya risasi ni madini ya risasi na shaba tu, haviwaki wala havilipuki, lakini navyo viweke begi la kukabidhi, kwenye boksi lake lenye maandishi, maana kwenye picha ya eksirei mkaguzi hana namna ya kujua kama unachobeba ni kichwa au risasi kamili. Angalia na uzito: vichwa 500 vya gramu 10.9 ni karibu kilo 5 na nusu.

Chukua fataki moja ya bunduki kubwa uiweke kwenye kiganja. Ni kikombe cha shaba chenye upana wa milimita 5.3, ndani kuna tone la dawa kavu, nyingi zikiwa na kilipuzi kiitwacho styfineti ya risasi (yaani ya madini ya risasi), na juu yake kijichuma chenye miguu miwili au mitatu. Kiwandani zinapangwa mia mia kwenye trei, kila moja na kitundu chake, ili moja ikipasuka isiamshe ya jirani. Nimewahi kumwona mtu mzima, mpiga shabaha wa miaka mingi, kazimwaga zote kwenye chupa ya vidonge vya vitamini zisimchukulie nafasi, na anapotembea unazisikia zikigongana. Zile si fataki tena. Lile ni guruneti. Iwe ndege, gari au rafu ya nyumbani, trei ya kiwandani haiachwi.

Sasa njia yako halali ya kwenda kwa ndege: jaza Dallas, safiri na risasi zilizokamilika. Kiwango kinachotumiwa na mashirika mengi ni kilo 5 kwa abiria, pamoja na boksi. Risasi moja ya .308 yenye kichwa cha gramu 10.9 ina takriban gramu 25, kwa hiyo ukitoa uzito wa maboksi unabaki na kama 180. Zihesabie mechi zako. Ziwe kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya risasi, la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma, kila moja na tundu lake. Mfuko wa nailoni au soksi hapana. Bunduki iwe tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, na uitangaze kaunta. Kisha wapigie shirika lako kabla, kwa sababu shirika lina haki ya kuwa kali kuliko TSA, na yapo yanayotaka risasi ziwe kwenye pakiti ya kiwandani. Ukikutana na hilo, na wewe umejaza mwenyewe, utaziacha kaunta.

Na kusema kweli, sipendi wazo la kujazia hotelini. Kiyoyozi kinapuliza, mizani ya baruti inacheza, wewe umechoka na safari. Kosa la punje chache za baruti utaliona kwenye shabaha ya yadi 600, na kosa kubwa litakuumiza wewe.

Jambo dogo ambalo lilinigharimu ndege: usitumie kwa safari begi unalobebea baruti kwenda uwanja wa shabaha. Mkaguzi alipangusa kishikio cha begi langu kwa kile kitambaa chao, akakiingiza kwenye kipimo, kikalia. Baruti nyingi za kisasa zina nitrogliserini, na vumbi lake linang'ang'ania kwenye kitambaa cha begi. Sikuwa na kosa lolote, lakini kulithibitisha hilo kulichukua muda mrefu kuliko ndege ilivyoweza kunisubiri.

Tuje kwenye gari. Dallas mpaka Camp Perry ni kama kilomita 1,900, kupitia Arkansas, Tennessee na Kentucky. Sheria za shirikisho za mizigo ya hatari zimeandikwa kwa usafirishaji wa biashara. Mtu binafsi, gari lake, vitu vyake vya matumizi yake, hazimgusi. Zinazobaki ni sheria za zimamoto, na nyingi zinafuata kanuni ya NFPA 495, ya chama cha kitaifa cha kinga ya moto, ambayo inakupa hadi ratili 25, yaani kilo 11.3, za baruti isiyo na moshi, hiyo ya kisasa unayojazia, kwenye gari la kawaida. Kopo lako moja halikaribii hapo. Ibaki kwenye kopo lake la asili, fataki kwenye trei zake, viwili hivyo vikae mbali mbali, na sigara isiwashwe.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuchukua baruti akaifungia kwenye lile sanduku la chuma la jeshi lenye mpira kwenye kifuniko, akidhani anaongeza usalama. Baruti isiyo na moshi ikiwaka mahali palipo wazi, inaungua kwa fujo na kwisha. Ikibanwa, gesi haina pa kutokea, na chuma ndicho kitakachoruka. Kopo la kiwandani limetengenezwa makusudi liachie mapema. Na usiiache garini Julai ya Texas, madirisha juu, wewe uko mgahawani. Joto linaizeesha. Ukifungua kopo ukakutana na harufu kali inayochoma pua kama asidi, au vumbi la rangi ya kutu, hiyo haifai tena kujazwa.

Posta ya Marekani haipokei baruti, fataki wala risasi. Vichwa na maganda yasiyo na fataki hai inapokea, na hiyo ni njia nzuri ya kupunguza begi. Baruti unaweza kuinunua Ohio, ila hata ikiwa ya jina lile lile, toleo jipya lina tabia yake. Anza chini, panda polepole. Usiende nayo moja kwa moja kwenye kipimo chako cha nyumbani.

Sasa Worcester. Hapa mambo yanageuka. Kwenye ndege vipande vyako vilikuwa hatari kuliko risasi; kwenye sheria ya silaha, kila kipande tayari ni risasi. Sheria ya shirikisho inasema hivyo waziwazi: maganda, fataki, vichwa na baruti vyote vinahesabiwa kama risasi. Wewe mwenye grinkadi huna shida. Lakini mwenzako akiwa na viza ya mwanafunzi au ya matembezi, kushika kopo lile ni kosa la jinai la shirikisho isipokuwa ana msamaha, kama vile leseni ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Wapo vijana wetu wanaopewa kopo washike tu wakati wenye gari wanajaza mafuta.

Massachusetts nayo inahesabu vivyo hivyo, hata ganda tupu, na kumiliki risasi kule kunadai kibali. Ipo kinga ya shirikisho ya mwaka 1986 kwa anayepita na bunduki tupu iliyofungiwa mbali na mkono, lakini ni kinga ya kupita, na kulala wiki moja kwa dada si kupita. Ipo pia misamaha ya jimbo kwa wageni, yenye masharti yake. Kabla ya kuitegemea, na kabla ya kuifikisha bunduki yenyewe, ongea na mwanasheria wa huko. Ukirudi Texas kwa gari, kwepa Washington, D.C., ambako tafsiri ya neno risasi ni pana namna ile ile.

Ningekuwa wewe, siku ya mwisho Camp Perry ningemgawia mwenzangu wa Ohio baruti na fataki zilizobaki, anayeruhusiwa kumiliki, kisha maganda yaliyopigwa ningeyafunga kwenye boksi na kuyatuma Dallas kwa posta kutoka Port Clinton. Yatakuwa nyumbani kabla yako.