Mwani umeota nywele: maswali ya wakulima wa Mtwara na Lindi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: uchafu kwenye mwani. Lakini uchafu wa Naumbu si ule wa Mchinga, na anayetibu huu kwa dawa ya ule anapoteza bamvua nzima, yaani zile siku ambazo maji hupwa sana na shamba hufikika. Kwa hiyo kila aliyeuliza tulimrudishia swali: ukiusugua kwa kidole, unatoka?

*Nalima mwani aina ya kotonii. Kufika wiki ya nne imeota nywele nyekundu iliyokoza. Nikizivuta zinakatika, na tawi linabaki na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ni ugonjwa gani?* (Mama mkulima, Naumbu)

Si ugonjwa, mama, ni mwani uliopanda juu ya mwani. Huo mdogo wataalamu huuita Neosiphonia, na wenyewe ni mwani mwekundu, kama ilivyo kotonii yako hata ikionekana ya kijani au ya kahawia. Hapo ndipo ugumu ulipo: hakuna dawa ya kumwaga baharini ikaua mmoja na kumwacha mwingine.

Huanza kama vitone vyeusi vidogo kuliko chembe ya ulezi. Wengi huviona wakadhani ni tope. Baadaye nywele huchomoza, na mizizi yake hutoboa ngozi ya tawi na kuingia ndani. Ndiyo maana zinakatika ukivuta: umeondoa nywele, mzizi umebaki. Vipele ni tawi likivimba kuuzunguka mzizi huo. Vikifunguka vinaacha matundu, bakteria wanapita humo, tawi linaoza na kukatika.

Kamba zilizoshika nywele zitoe zote bamvua hili, hata kama siku 45 za kuvuna hazijatimia. Kusubiri uzito ni hasara, maana mwani uliobanwa hivyo hauongezeki. Uvunie kwenye gunia au ndani ya mtumbwi, usiukung'utie majini, kwa kuwa kila kipande cha nywele kinachoelea kinaweza kushika kamba ya jirani. Anika mbali na mwani msafi. Kamba na taitai (vile vikamba vya kufungia mbegu) zipige chini, kisha zikae juani siku 3 mpaka zikakamae. Vigingi vikwangue kwa kisu.

Mbegu mpya usichukue kutoka shamba hilohilo, hata tawi likionekana zuri. Hapa ndipo wengi wanapojirudisha nyuma. Tafuta kwa mwenzako mwenye shamba safi, chagua matawi machanga yenye ncha nyingi, na ukague moja moja juani. Lenye kitone cheusi litupe nchi kavu. Funga kipande cha gramu 100 kila baada ya sentimita 20. Kamba ya mita 10 itabeba vipande kama 50, yaani kilo 5 za mbegu. Ukibananisha zaidi ya hapo maji hayapiti katikati, na penye maji yaliyolala ndipo nywele hushika.

Kuna wanaochovya mbegu kwenye maji ya kisima ili kuua nywele. Tusingeshauri. Maji yasiyo na chumvi hudhoofisha mwani wenyewe, nawe utahamia kwenye tatizo la swali linalofuata. Sabuni na jiki ndiyo kabisa, achana navyo.

*Matawi yangu yanakuwa meupe katikati, laini, halafu ncha zinaanguka. Nywele sina. Majirani wanasema ni uchafu uleule.* (Mkulima, Mchinga, Lindi)

Siyo. Huo weupe hutokana na mwani kuzidiwa: maji yakifika nyuzi 33 za Selsiasi au zaidi, au mvua ikipunguza chumvi, tawi hulegea na bakteria hulimaliza. Kwa kusini hii msimu wake unajulikana, kaskazi la joto na mvua zake. Kata sehemu nyeupe pamoja na sentimita chache za upande mzima, vuna kilichobaki, na uhamishe kamba mahali ambapo maji yakipwa kabisa bado yanafika magotini. Siku za bamvua maji yetu hupwa wakati jua limeshapanda, na dimbwi la kina cha kiganja huchemka upesi. Kotonii huumia mapema kuliko spinosamu, ile aina nyingine ya mwani tunayolima. Kama sehemu ya kina huna, panda spinosamu miezi hiyo, ingawa bei yake ni ndogo.

*Ute mwekundu wa kahawia unafunika kamba siku bahari ikitulia. Ukisugua unatoka.* (Kijana, Sudi)

Ukitoka, umepona nusu. Huo si mwani hasa, ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea. Tikisa kila kamba kila unaposhuka shambani, punguza msongamano, na upepo wa kusi ukirudi utamaliza kazi iliyobaki.

*Ncha zote zimekatwa kama kwa mkasi, usiku mmoja.* (Songosongo, Kilwa)

Tasi hao, samaki walao mwani. Tega dema, chambo weka mwani huohuo, na kitoweo umepata.

*Mimi si mkulima. Nina tangi la kioo la lita 200, samaki wa baharini na mawe. Mchanga umefunikwa zulia jekundu lenye mapovu.* (Mikindani)

Sugua kwanza. Zulia linalonyanyuka kama kitambaa ni ndugu wa ute wa Sudi. Linyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, lita 40 kila wiki. Maji chota bahari ikijaa, mbali na mikoko na mifereji, si siku ya mvua, uyachuje kwa kitambaa. Yanayopungua kwa joto yafidie kwa maji yasiyo na chumvi, lakini si ya kisima, ambayo mara nyingi hubeba naitreti, chakula cha zulia hilo. Taa ziwake saa 8 tu kwa siku, chakula kiwe kile samaki wanachomaliza ndani ya dakika 2, na pampu ielekezwe pale zulia lilipo.

Likirudi, nyonya tena kisha funika tangi gizani siku 3, huku hewa ikipulizwa muda wote, maana zulia linapokufa hula oksijeni na samaki hukosa pumzi. Vidonge vya antibayotiki vinauzwa kwa kazi hii na hulimaliza kweli, ila vinaweza kuua pia bakteria wazuri wa chujio, amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, ikapanda. Tuviache viwe vya mwisho. Kama ni nywele ngumu zilizoshika jiwe, litoe jiwe, ulisugue kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya bahari, ulisuuze, ndoo uimwage nje.

*Mwani wenye nywele mnunuzi atauchukua?* (Naumbu tena)

Mara nyingi ndiyo, kwa manung'uniko. Kinachonunuliwa ni karajinani, ute wa kugandisha vyakula na bidhaa nyingine, iliyomo ndani ya mwani wako, na nywele huhesabiwa pamoja na mchanga na vipande vya taitai. Anika juu ya kichanja siku 2 hadi 3, ugeuze, ufunike jioni. Ukikauka, upukute kwa mikono juu ya turubai: nywele zikikauka hukatika upesi. Kilichoanguka kifukie, usikirudishe pwani.