Toyota 86 au WRX S4? Turbo na isiyo na turbo kwa anayeendesha kati ya Mombasa na Eldoret

Anayetafuta gari la spoti la mtumba kutoka Japani mara nyingi hubaki na mawili mezani: Toyota 86 na Subaru WRX S4. Ni ulinganisho wa haki kuliko mwingi unaofanywa vijiweni, maana chini ya boneti yote mawili yana injini ya ukoo mmoja, FA20. Ni boksa ya silinda nne, yaani silinda zimelala kushoto na kulia, pistoni yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86, jumla sentimita za ujazo 1,998. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012 ilikuwa na nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita 205 inayopatikana juu ya mizunguko 6,000. WRX S4 ya 2014 yenye turbo ina farasi 300 kwenye mizunguko 5,600 na torki 400, nayo torki hiyo inaanza kwenye mizunguko 2,000 tu na kukaa hapo hadi 4,800.

Ukiishia kwenye karatasi, mjadala umekwisha. Lakini namba za karatasi ni za usawa wa bahari, na wengi wetu hatuishi huko.

Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Shinikizo la hewa huko ni takriban kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pistoni zake tu, kwa hiyo kila mkupuo unaingiza hewa nyepesi. Hesabu ya haraka: toa karibu asilimia 17. Zile farasi 200 za 86 zinabaki kama 165 ukiwa Nairobi, na Eldoret, kwenye mita 2,100, zinapungua zaidi. Mbeya hali ni karibu sawa na Nairobi. Tena 86 ya kizazi cha kwanza ina bonde la torki kati ya mizunguko 3,000 na 4,500; pwani unalihisi kidogo, lakini nyanda za juu ndipo gari linapoonekana kama limechoka. Halijachoka. Ukitaka kulipita lori kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukipanda, au pale Kitonga, shusha gia mbili kabla hujatoka kwenye njia yako, anza ukiwa na mizunguko 5,000 na uiache ipande hadi 7,000. Anayeiendesha 86 kwa mizunguko 3,000 kama gari la dizeli hajawahi kuiendesha.

Hewa nyepesi ina faida moja ambayo watu hawaitaji. Shinikizo ndani ya silinda likipungua, petroli haiwaki ovyo kabla ya kufikiwa na moto wa cheche, kwa hiyo injini isiyo na turbo huvumilia okteni ya chini kidogo ikiwa juu kuliko ikiwa pwani. 86 ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, ambao ni mkubwa, na Mombasa inataka petroli bora kuliko inavyotaka Nairobi.

Turbo haipati msamaha huo. Kompyuta inalenga kiasi fulani cha shinikizo kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, na turbo inalazimika kukifikia popote ulipo. Chukua mfano wa shinikizo la kilopaskali 200. Mombasa turbo inazidisha hewa mara 2 hivi. Nairobi inaanza na 82, kwa hiyo lazima izidishe karibu mara 2.4. Gurudumu la turbo, ambalo tayari linazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, linazunguka kasi zaidi, na hewa inayotoka ni ya moto zaidi. Ndiyo maana S4 inapanda Limuru kama vile haijui kuna mlima, lakini gharama inalipwa na turbo yenyewe, na oili inayoipoza, na kipoza hewa. Ukimpa fundi kazi ya kuongeza presha ya turbo, mwambie apime na kurekebisha hapo hapo unapoishi. Programu iliyotengenezwa usawa wa bahari ikiletwa Nairobi inaweza kuisukuma turbo nje ya eneo lake la kazi.

Pwani shida inageuka. Kipoza hewa cha S4, ambacho mafundi hukiita intakula, kimelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likitembea, upepo unakipoza. Ukikaa kwenye foleni ya Changamwe au Ubungo kwa nusu saa, kinafyonza joto la injini badala ya kulitoa. Ukikanyaga mafuta ghafla baada ya hapo, kompyuta inaona hewa ni ya moto, inachelewesha cheche, na gari linakuwa zito. Hakuna kilichoharibika. Tembea kilomita mbili hivi kwa mwendo wa kawaida, nguvu zinarudi. Anayeishi Mombasa au Dar na kuendesha mjini tu, hasa mchana, atafurahia 86 kuliko anavyodhani.

Oili, na kilomita mbili za mwisho

Turbo nyingi zinazokufa zimeuawa na oili chafu, chache, au ya bandia. Moshi unaoizungusha unaweza kupita nyuzi 900, na shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa S4 weka 5W-30 sinthetiki kamili na ubadilishe kila kilomita 5,000, pamoja na filta. Kitabu kinaweza kukuruhusu zaidi, lakini vumbi, foleni na joto letu ni kazi ngumu. Pima kwa kijiti kila kilomita 1,000, gari likiwa pahali tambarare na injini imezimwa dakika tano. Boksa imelala, oili inachukua muda kurudi chini. Ukipima mara tu umezima utasoma chini kuliko ilivyo na utaongeza kupita kiasi.

Kwenye kopo tafuta maandishi API SP. Daraja hilo lilianza mwaka 2020, na moja ya sababu za kuwepo kwake ni tatizo la injini za turbo zenye sindano zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda: mchanganyiko kuwaka mapema ukiwa kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kuvunja ukingo wa pistoni panapokaa ringi. Oili nzuri ni nusu ya kinga. Nusu nyingine ni mguu wako. Usikanyage mafuta hadi chini ukiwa kwenye mizunguko 1,500 kwenye mwinuko. S4 ina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, na katika hali ya I hupenda kushusha mizunguko ili kubana mafuta. Ukiona mlima, bonyeza swichi ya SI-Drive iliyo kwenye usukani uingie S. Injini itapumua juu zaidi na itakuwa salama zaidi. Oili ya CVT nayo ibadilishwe ifikapo kilomita 50,000, hata muuzaji akikuambia ni ya maisha.

Kuzima injini: usiegeshe moja kwa moja kutoka kasi ya barabara kuu. Kilomita mbili za mwisho endesha taratibu, kisha acha injini iungurume sekunde thelathini hadi dakika moja. Kukaa dakika kumi gari likiunguruma hakuna maana. Ukizima turbo ikiwa ya moto kupita kiasi, oili iliyobaki ndani ya beringi inaungua na kuwa masizi magumu, na kila siku inaziba kidogo. Baadhi ya Subaru za zamani za turbo zenye injini ya EJ zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu huku sampo, karai la oili chini ya injini, imejaa. Ukinunua hiyo, kikaguliwe. EJ pia inatumia mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. FA20 zote mbili zinatumia cheni.

Kwa 86, 0W-20 ndiyo oili ya kiwandani, na anayeikimbiza sana kwenye joto la pwani anaweza kutumia 5W-30. Hapa kuna uhuru zaidi, lakini si uhuru wa kusahau. Injini inayozungushwa hadi 7,000 mara kwa mara inaila oili pia.

Petroli: fungua kifuniko cha tangi. Magari haya ya Kijapani huwa na maandishi yanayosomeka "haioku", yaani petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani ni okteni 96 au zaidi. Jaza ile ya daraja la juu kabisa unayoipata, kutoka kituo chenye mauzo mengi. Kwa S4 hili si pendekezo, ni lazima.

Kuna jambo moja la sindano ambalo wauzaji hawalitaji. 86 ina sindano za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo petroli inaosha valvu za kuingizia. S4 ina sindano za ndani ya silinda pekee. Mvuke wa oili unaganda juu ya valvu na kuwa ukoko mweusi. Dalili ni kutetemeka injini ikiwa baridi na silinda kukosa moto asubuhi. Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki huko, kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu. Kazi yenyewe ni kufungua manifoldi na kusafisha kwa maganda ya jozi yaliyosagwa yanayopulizwa kwa kompresa, au kwa mkono na kemikali. Itengee bajeti ukikaribia kilomita 100,000.

Kukagua kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Washa injini baridi na usikilize. Iache iungurume dakika tano, kisha mwenzako akanyage mafuta mara moja huku wewe ukiangalia ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka hapo, au unapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu, ni oili: sili za turbo, au sili za valvu, au ringi.

Kwenye S4, vua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo. Iko chini mbele ya injini, kwa hiyo gari lipandishwe. Shika ncha ya shafti kwa vidole: kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kusogea mbele na nyuma si kawaida, na mapezi yasiwe yamegusa ukuta. Utando wa oili ndani ya mabomba haumaanishi kitu. Dimbwi la oili linamaanisha. Kagua lile bomba la plastiki linalopandisha hewa kutoka turbo hadi kipoza hewa, na mipira ya maungio yake. Ufa mdogo hausikiki gari likiwa limesimama, bali unatoa mlio wa kufyonya ukikanyaga mafuta, na nguvu hazifiki.

Kisha unganisha mashine ya kusoma kompyuta na uendeshe dakika ishirini. Kwenye Subaru ya turbo tafuta namba iitwayo DAM. Ikiwa 1.0, kompyuta inaiamini petroli na haijasikia injini ikigonga sana. Ikiwa imeshuka na haipandi hata baada ya petroli nzuri, kuna kitu. Angalia pia marekebisho ya petroli ya muda mrefu: yakipita asilimia 10 juu, tafuta hewa inayovuja au kihisi cha hewa kichafu.

Kwa 86 za 2012 na 2013, ulizia springi za valvu. Toyota na Subaru waliyaita magari hayo mwaka 2018 kuzibadilisha, na kazi hiyo hutaka injini ishushwe. Hakikisha kwa namba ya chasisi ikiwa ilifanyika. Kama ilifanyika, vua sampo uangalie kichujio cha kunyonyea oili, maana silikoni ikipakwa kwa wingi, vipande vyake huishia hapo.

Na yule anayefikiria kununua 86 kwa bei nafuu kisha kuifungia turbo: mgandamizo wa 12.5 unaacha nafasi ndogo sana. S4 ilishushwa hadi 10.6 kwa sababu hiyo. Ukitaka turbo, nunua iliyozaliwa nayo.

Mwisho pima kompresheni. Injini iwe na joto, betri yenye nguvu, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, na pedali ikanyagwe hadi chini. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Hapa injini nyingi nzima zimehukumiwa bure: kitabu kinatoa kipimo cha usawa wa bahari, na mita ya fundi wa Nairobi lazima isome chini. Zidisha namba ya kitabu kwa 0.82 kabla ya kulinganisha. Kwa Eldoret tumia 0.78, kwa Arusha 0.86.